Bastola ya Mjomba na Swali la "Una Uhakika?"

Najua niliahidi kumalizia lile somo la kuhifadhi data kwenye simu wakati hakuna mtandao, na wawili watatu mmenikumbusha kwa barua pepe. Litakuja. Wiki hii limeingia jambo la nyumbani, na kwa kuwa kichwa changu kimezoea kufikiri kwa lugha ya kompyuta, hata mambo ya nyumbani yananitoka hivyo hivyo. Leo tutazungumza juu ya bastola. Usifunge ukurasa kwanza.

Kwetu ni Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Kwa msioijua: ukitoka Nairobi unapita Thika na Matuu hadi Mwingi, halafu unaiacha barabara ya Garissa na kuelekea kaskazini, kwenye ndengu, mbuzi, asali na vumbi. Ukiendelea unafika Tseikuru na Ngomeni, na huko kila kiangazi kikikaza unasikia habari za ugomvi wa malisho kati ya wakulima na wafugaji wa ngamia. Ni nchi nzuri, lakini magari ni machache na giza likiingia limeingia.

Mjomba wangu ni mfanyabiashara wa mbuzi. Ananunua vijijini na kuuza kwenye soko kubwa, na wazee wengi anaonunua kwao bado wanataka noti mkononi, M-Pesa au hakuna M-Pesa. Miaka kadhaa iliyopita alivamiwa njiani, akanyang'anywa pesa na kukatwa panga mkononi. Baada ya hapo akaomba leseni, akachunguzwa na kuhojiwa, akapewa. Tangu hapo anatembea na bastola kiunoni, chini ya shati, na sisi watoto wa nyumbani tumezoea kutoikodolea macho.

Mwezi uliopita alinipigia simu saa nane mchana, saa ambayo hanipigii kamwe.

"Mwanangu, wewe umesoma kompyuta. Niambie. Nibadilishe hii bastola nichukue ile yenye sefti?"

"Mjomba, kuna nini?"

"Imelia ndani ya pikapu."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Kiti ndicho kimeumia."

Ilikuwa hivi. Aliitoa kiunoni ili akae vizuri kwenye usukani, akashuka kununua maji, akairudisha. Hana ala ya maana, ana kimfuko cha kitambaa kilicholegea. Pindo la shati likaingia pamoja na bastola, likakunjika mbele ya kifyatulio, naye akasukuma chini kwa nguvu kama mtu anayeingiza pochi mfukoni. Risasi ilipita kando ya paja, ikatoboa kiti na kutokea sakafuni. Alikwenda mwenyewe kituoni kuandikisha kwenye OB, na sasa usingizi hauji, kwa sababu mara nyingi kiti kile hukaliwa na mtoto wake wa mwisho.

Sitataja chapa ya bastola hiyo, maana kosa halikuwa la chapa. Nitaeleza tu kwamba ni ya aina isiyo na sefti ya mkono. Na hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu Mjomba mwenyewe aliibeba miaka yote bila kuelezwa.

Sefti ya mkono ni kile kiulimi cha chuma kilicho ubavuni mwa bastola, unachokisukuma kwa kidole gumba. Kikiwa upande mmoja, kifyatulio hakifanyi kazi. Kikiwa upande wa pili, kinafanya. Bastola nyingi za zamani zinacho. Halafu akaja Gaston Glock wa Austria, mtu aliyekuwa hajawahi kutengeneza bastola, na mwaka 1982 jeshi la nchi yake likaichukua Glock 17. Ile haina kiulimi cha ubavuni. Ina vizuizi vitatu vya ndani: kimoja kwenye kifyatulio chenyewe, kimoja kinachoishika pini ya kufyatulia, na kimoja cha kuizuia isilie ikianguka. Vyote vitatu vinajifungua vyenyewe ukivuta kifyatulio, na ukiachilia vinajifunga vyenyewe. Kama mhandisi, naona uzuri wake. Mtumiaji hakumbuki kitu chochote. Anavuta, inalia. Ulimwengu mzima ulifuata, na bastola nyingi zinazouzwa leo za kujilinda ni watoto wa wazo hilo.

Tatizo ni kwamba vizuizi hivyo vyote vinasikiliza amri moja tu, na kifyatulio hakijui tofauti ya kidole na pindo la shati.

Polisi wa Washington walilijua hilo kwa gharama. Walianza kubeba Glock mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1998 gazeti la Washington Post liliandika kwamba katika miaka 10 bastola hizo zilikuwa zimelia bila kukusudiwa zaidi ya mara 120. Gazeti hilohilo lilionyesha pia kwamba mafunzo yalikuwa yamelegea mno. Hayo mawili yashike pamoja, nitayarudia.

New York nao walijaribu njia nyingine. Hawakuongeza sefti, waliongeza uzito. Kifyatulio cha kawaida cha Glock kinahitaji nguvu ya kilo 2.5 hivi. Polisi wa New York waliwekewa springi inayodai zaidi ya kilo 5. Wazo ni kwamba kitu kigumu hakivutwi kwa bahati mbaya. Sawa, lakini jaribu kuchora mstari ulionyooka huku mtu anakuvuta kiwiko. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walifyatua risasi 16 kumpiga mtu mmoja mwenye silaha. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi na vipande vya risasi za polisi. Huwezi kukitupia kifyatulio lawama zote, ila wakosoaji wengi walikinyooshea kidole, na mimi naona wana hoja. Ukimfanyia mtu kazi iwe ngumu ili asikosee, umemfanyia ngumu hata pale anapotaka kufanya sawa. Yeyote aliyewahi kutengeneza fomu ya kujisajili anaijua kanuni hii.

Sasa turudi kwetu Kenya. Ukisikiliza habari za redio, bastola ina jina moja: Ceska. Ndiyo ile CZ 75 ya Chekoslovakia, kazi ya ndugu Koucký, iliyotoka 1975, na imezoeleka nchini hadi jina likawa kama jina la kitu chenyewe. Hiyo ina sefti ya ubavuni. Mjomba alikuwa ameshaamua moyoni kuwa dawa ni Ceska. Nikakaa usiku nikaisoma vizuri, na nikagundua jambo ambalo ningelikuta kwenye programu ya mtu ningelifungulia ripoti ya hitilafu mara moja.

Katika Ceska ya kawaida, sefti inawekeka tu wakati nyundo imekokiwa, yaani iko nyuma. Nyundo ikiwa chini, kiulimi hakikubali kupanda. Kwa hiyo una njia mbili za kuibeba ikiwa na risasi kwenye chemba. Ya kwanza, nyundo nyuma na sefti juu. Inatisha macho, lakini ndivyo ilivyosanifiwa. Ya pili, nyundo chini bila sefti, ukitegemea kwamba mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito kwa kuwa ndio unaoinua nyundo. Lakini ili kufika kwenye hiyo njia ya pili lazima uishike nyundo kwa gumba, uvute kifyatulio huku risasi iko chemba, kisha uishushe polepole. Gumba likiteleza, imelia. Yaani kuiweka katika hali salama unapitia hali ya hatari kuliko zote.

Watengenezaji waliliona hilo, wakatoa toleo liitwalo BD, ambalo lina kiulimi cha kushusha nyundo bila kuishika. Vizuri sana. Ila kiulimi hicho kimekaa pale pale ilipokaa sefti kwenye Ceska ya kawaida, na BD haina sefti ya mkono kabisa. Mtu aliyezoea moja akishika nyingine gizani atasukuma kitu akiamini amefunga, kumbe ameshusha nyundo tu.

Subiri, kuna zaidi. Kwenye Ceska na kwenye ile M1911 ya John Browning, kiulimi kikiwa chini bastola iko tayari, kikiwa juu imefungwa. Kwenye Beretta 92FS, ndugu wa ile iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1985, ni kinyume: chini ndiyo imefungwa. Hebu fikiri programu mbili za benki, moja kitufe cha kijani ni "tuma", nyingine kitufe cha kijani ni "ghairi".

Tuhesabu kama watu wa kompyuta. Magazini iko ndani au nje. Chemba ina risasi au haina. Nyundo iko nyuma au chini. Sefti imewekwa au la. Vitu vinne vya hali mbili mbili ni hali 16. Kwenye Ceska toa zile 4 za sefti kuwekwa nyundo ikiwa chini, zinabaki 12. Mjomba wangu, saa tano usiku, mtu mwenye panga amesimama mlangoni, anatakiwa ajue kwa yakini yuko katika hali ipi kati ya 12. Jef Raskin, mmoja wa walioanzisha mradi wa Macintosh pale Apple, alipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi: kitendo kilekile cha mkono kikileta matokeo tofauti kulingana na hali ambayo mtu haikumbuki, makosa yatatokea, hata awe mwerevu namna gani. Ukishawahi kuandika nenosiri huku herufi kubwa zimewashwa, unamwelewa Raskin.

Rafiki yangu mmoja, afande mstaafu, alitumia hoja hii hii kunipinga. "Sefti itamuua mjomba wako. Atavuta, haitalia, ataanza kuitafuta." Kisha akanieleza habari ya Dennis Tueller, askari wa Salt Lake City, aliyeandika mwaka 1983 kwamba mtu mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani mita 6 na kitu, kwa sekunde moja na nusu hivi. Mita 6 ni kutoka mlango wa duka hadi kaunta. Una muda gani wa kucheza na viulimi?

Hoja nzito. Lakini niliitafakari nikaona imechanganya mambo mawili. Kusukuma kiulimi chini wakati unanyanyua bastola hakuongezi muda wowote wa maana kwa aliyezoea, kwa sababu kidole gumba kinafanya kazi hiyo huku mkono bado uko njiani. Kinachoua ni kusahau. Na mtu husahau hasa pale sefti inapokuwa wakati mwingine imewekwa na wakati mwingine haijawekwa. Ikiwa daima imewekwa, mkono unajifunza jambo moja tu na kulirudia. Kwa hiyo ninaikataa ile desturi ya "naweka sefti nikiwa na watoto, naitoa nikiwa safarini". Huyo ana shida zote za sefti bila faida yake.

Upande wa pili nao una udanganyifu wake. Watu wa programu tunaujua mkasa wa Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Kwenye Therac-25 wakaviondoa, wakaiachia programu ya kompyuta kazi ya kulinda. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi walifariki. Baadaye ikaonekana kwamba makosa yaleyale ya programu yalikuwemo hata kwenye mashine ya zamani, ila vizuizi vilikuwa vinayameza kimya kimya. Na jambo linaloniuma zaidi: mashine ilitoa onyo, lakini ilitoa maonyo mengi mno kwa siku hadi waendeshaji wakazoea kubonyeza P na kuendelea.

Nimelitaja hilo kwa sababu sefti ni "Una uhakika?" iliyochongwa kwa chuma. M-Pesa siku hizi inakuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijaondoka, na bado kila wiki kuna mtu kwenye ukoo wetu ametuma kwa asiyemjua, kwa sababu kidole kimekwenda kabla ya macho. Tofauti ni kwamba M-Pesa ina namba 456 ya kuomba pesa irudishwe. Risasi haina 456.

Basi msimamo wangu ni upi? Nimebadili mawazo mara mbili, naandika niliko sasa.

Naona mjadala wa Marekani juu ya sefti unaongozwa na watu wanaofyatua risasi mamia kila mwezi. Wao wanapima sekunde. Mjomba hufyatua risasi mara chache sana kwa mwaka, na huenda asiwahi kumfyatulia mtu maishani, Mungu jalia. Lakini bastola anaitoa na kuirudisha mara nne, tano kwa siku: akiingia garini, akienda chooni, akiingia benki Mwingi, akilala. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa mwaka. Programu inasanifiwa kwa kazi inayofanyika mara elfu, kisha tunahakikisha haiharibu ile inayofanyika mara moja. Kwa mtu wa aina yake nasema ndiyo, bastola iwe na sefti ya mkono, iwe imewekwa wakati wote, na chini iwe ndiyo tayari. Sefti ingekuwepo siku ile, pindo la shati lisingefanya kitu.

Mtoto ni suala jingine kabisa. Sefti haimzuii mtoto. Mtoto wa miaka minne anafungua simu yangu na kununua vitu. Ataupata tu ule ulimi. Dawa ya mtoto ni sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo mfukoni mwa mwenyewe, na hapo sina mjadala na mtu.

Baba yangu aliposikia alisema kwa kifupi: "Atembee chemba ikiwa tupu." Waisraeli wamefundishana hivyo kwa miaka mingi, na ni kizuizi kikali kuliko sefti yoyote. Bei yake ni mikono miwili, maana lazima uvute slaidi. Mjomba ana kovu la panga kwenye mkono wa kushoto, mkono aliounyanyua kujikinga. Siku ile angeivuta slaidi kwa mkono upi? Sikumjibu Baba hivyo, ila ndicho nilichofikiri.

Jambo moja zaidi, na hili ni onyo. Marekani kuna wanaouza vipuri vya kuongezea sefti kwenye bastola isiyo nayo, na Mjomba alishapata fundi wa kuahidi kumfanyia. Nilimwambia asithubutu. Kampuni kama Smith & Wesson huuza M&P ileile ikiwa na sefti au bila, imepimwa kiwandani. Hata kiwanda hukosea: mwaka 2017 SIG P320 ya kiraia iligunduliwa kwamba inaweza kulia ikianguka kwa pembe fulani, kampuni ikabidi itoe marekebisho bila malipo. Kama wao, pamoja na maabara zao, iliwaponyoka, fundi wa kuchomelea mageti ataweza? Na kama ni Ceska ya mtumba, tafuta herufi B kwenye jina. B inamaanisha pini ya kufyatulia ina kizuizi. Zile za mwanzo hazina.

Nikampa Mjomba orodha yangu kwa mpangilio wa kwanza hadi wa mwisho, na sefti haikuwa ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, inayobaki wazi mdomo ukiitoa bastola. Bei yake ni ya mbuzi wawili hivi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo siku alipoinunua. Sikuwa na jibu. Mijadala yetu kuhusu silaha huwa ni nani apewe na nani anyang'anywe, na tangu ule uhakiki wa wenye leseni ulioanza Desemba 2018 ndivyo tulivyoendelea. Kifaa chenyewe na mkono unaokishika hatuvizungumzii.

Kubadilisha bastola hakufanyiki dukani tu, kwa sababu leseni imeandikwa kwa silaha ile ile, kwa hiyo amerudi kwenye Bodi na barua yake, na ripoti ya OB ameiambatisha mwenyewe. Nilimwambia huenda ikamletea maswali. Akasema waulize. Wakati anasubiri, afande mstaafu, yule yule aliyenipinga, anakwenda kwake Jumamosi kumfundisha kutoa na kurudisha, bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine. Kurudisha ndiko kugumu: shati unaliinua kwa mkono wa pili, unaangalia chini kwa macho yako, unaingiza polepole. Hakuna tuzo ya kurudisha haraka.

Juzi alinipigia tena, safari hii usiku. Amefanya mara mia mbili, anasema, na mkewe amechoka kumtazama akijipapasa kiuno kama mtu mwenye upele. Kiti cha pikapu hajakishona. Nilimwuliza kwa nini, akasema akishakishona atasahau.

Haya. Somo la data linarudi wiki ijayo, safari hii kweli.